Dole Gumba la Mama Odongo

Kabla simu hazijafika na kumharibia kila mtu ustaarabu wake, dagaa wa mwalo wa Lugasha, pale pwani mitumbwi ya ziwani inaposhusha samaki, walikuwa wakigombewa kwa kurusha. Usicheke. Zipo sehemu watu wananunua kwa foleni, na foleni hiyo haimalizi asubuhi bila ngumi. Akina mama wa Lugasha, upande wa Ilemela, walizikataa ngumi zamani. Wakachagua shabaha.

Ilikuwa hivi. Kila mama alikuwa na matonge yake. Tonge ni kipande cha wavu mkuukuu kilichoviringishwa na kokoto ndani, kikafungwa kwa kitambaa cha kitenge cha mwenyewe ili kisipotee kwa jirani. Mitumbwi ya dagaa ikirudi asubuhi, ilipita kwanza kwenye jiwe kubwa lililoinama majini, ambalo watu huliita Kinyozi kwa sababu mavi ya ndege yamelipaka kichwani kama povu la sabuni. Pua ya mtumbwi ikishampita Kinyozi, ruksa. Matonge yanaruka. Lile litakaloanguka ndani ya mtumbwi kwanza na likabaki humo, mwenyewe ndiye anayefungua mdomo wa kwanza.

Kufungua mdomo tu. Hapo hajanunua hata mkia. Amepata haki ya kuanza kupatana na nahodha, na wakishindwana anarudishiwa tonge lake bila kinyongo, anaingia wa pili. Ukimpiga mvuvi kichwani unakaa chini siku nzima, na mvuvi ana ruhusa ya kukutukana mpaka achoke yeye.

Kwa hiyo mama mwenye akili hakurushia mtumbwi mmoja. Alirushia yote, akapatana na wote, akanunua kwa aliyelegea. Mtu wa nje angesema huu ni mchezo wa watoto. Lakini binadamu alianza kumtupia swala jiwe kwa sababu alichoka kumkimbiza, na tangu siku hiyo kila chombo kipya ni hadithi ileile ya mtu aliyechoka kukimbia. Akina mama wa Lugasha walikuwa wamechoka kukimbilia majini na ndoo na kurudi bila meno.

Na kwa kurusha, hapakuwa na wa kumfikia Rebeka Akumu, mama Odongo.

Mkono ule hakuupata mwaloni. Alikuja nao kutoka kwao Rorya, alikokua akilinda mtama wa baba yake usiliwe na kwelea kwelea. Baba alimsukia kombeo la katani, akampandisha kwenye ulingo katikati ya shamba, akamwachia rundo la madonge ya udongo na maneno machache: "Ndege akila, wewe huli." Mtoto anayefundishwa kwa tumbo huelewa haraka. Kabla hajamaliza darasa la saba aliweza kumtoa ndege kwenye suke bila kudondosha punje. Ndivyo anavyosema yeye, na ndege wenyewe hawapo kutoa ushahidi.

Kombeo lile ndilo lililompatia hata mume. Owuor, fundi mitumbwi, alikwenda kijijini kwao kutengeneza mtumbwi wa mjomba wake Akumu, akakatiza shambani, akapigwa na donge mgongoni. Owuor husema alipigwa na mapenzi. Akumu husema alimdhania nyani. Hawajakubaliana mpaka leo, na wana watoto watano.

Alipohamia Mwanza na kushika biashara ya dagaa, wenyeji walimtazama kwa jicho la pembeni kwa muda mfupi tu. Siku ya pili tonge lake lilitangulia kwenye kila mtumbwi. Ng'washi, mwanamke wa Kisesa mwenye ulimi wa kunyolea, akaweka mikono kiunoni na kuuliza, "Huyu Mjaluo mmemtoa wapi, jeshini?" Wakawa marafiki. Walikuwa marafiki wa namna ya kutukanana kabla ya kusalimiana, ambao ndio hudumu.

Maisha yakaenda. Akumu akajenga vichanja vyake vya kuanikia juu ya mwalo, meza ndefu za miti zilizotandikwa wavu. Dagaa wabichi wa asubuhi wakipigwa na jua la siku nzima, jioni wanalia chakacha mkononi. Aliwapeleka Buzuruga, aliwapeleka Kisesa siku ya mnada. Taa za karabai zikaondoka ziwani zikaja za sola, makasia yakapisha injini, na kila mara kuna mzee alikaa chini akasema sasa dunia imekwisha. Dunia haikuisha. Akumu alikuwa akiwacheka sana wazee hao.

Kisha ikaja zamu yake.

Iliyomletea zamu ni Venant, kijana aliyekuwa na kibanda cha kuchaji simu za wavuvi. Kumbe mtu anayechaji simu za watu wote anajua pia namba za watu wote. Akafungua kundi la WhatsApp, akaliita Dagaa Mubashara. Nahodha akikaribia pwani na mtandao ukishika, anapiga picha ya mzigo, anaweka bei chini yake, anatuma. Wanunuzi wamo humo: wenye hoteli za Mirongo mjini, wakaangaji wa Buzuruga, na bwana mmoja wa kiwanda cha chakula cha kuku mwenye lori. Wa kwanza kuweka dole gumba, basi. Mtumbwi ukimpita Kinyozi, mzigo una mwenyewe, na mwenyewe bado yuko kitandani anajinyoosha.

Siku ya kwanza Akumu alirusha kama kawaida. Tonge likaingia kwenye mtumbwi wa nahodha Chenge, taratibu, kama paka anayerudi nyumbani. Chenge akaliokota akalirudisha pwani.

"Mama Odongo, pole. Dagaa wameshachukuliwa."

"Wamechukuliwa na nani?"

"Wako kwenye simu."

"Mbona mimi nawaona kwenye mtumbwi?"

Wavuvi walicheka. Akumu hakucheka. Wiki ile tonge lake lilirudishwa kila asubuhi, na la Ng'washi, na la kila mama. Vichanja vikabaki vitupu. Kuku wa jirani wakahamia juu yake, wakapunga upepo kama watalii.

Akina mama wakafanya kikao juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Mwenyekiti alikuwa Bibi Paskazia, mzaliwa wa Ukerewe, mkubwa kuliko wote, ambaye sikio lake la kulia husikia likipenda. Azimio likawa moja: hakuna mama wa Lugasha atakayeingia kwenye kundi la Venant. Wamsuse. Bila wao litakufa lenyewe. Aliyeunga mkono kwa sauti kubwa kuliko wote, mpaka bata wakaruka, ni Akumu.

Kundi halikufa. Liliongezeka wanachama.

"Mama Odongo," Owuor alisema jioni moja, akiitazama sahani yake, "wewe ni mpishi mzuri. Lakini nimechoka kula ugali na maelezo."

"Tumeazimia, Baba Odongo. Tumesusa."

"Umesusa nini, na hakuna aliyekualika?"

Owuor hakuwa mtu wa maneno mengi. Kesho yake alirudi na simu ya skrini iliyopasuka, aliyopewa na mteja aliyemtengenezea mtumbwi, akaiweka juu ya stuli, akaenda kuoga. Aliporudi stuli ilikuwa tupu.

Akumu alimwendea Venant kwa mlango wa nyuma wa kibanda, shuka kichwani, kama anayekwenda kwa mganga. Akamwambia amwingize, lakini jina lake lisionekane. Venant akauliza aandike nani. Akumu akafikiri haraka, na jina la kwanza kumjia likawa lile alilosikia likisifiwa na manahodha. Ndivyo alivyozaliwa upya, mtu mzima mwenye watoto watano, kama "Mteja wa Mirongo".

Siku chache aliangalia tu. Aliona picha zikipita, madole yakishindana. Akaelewa. Mbona ni kitu kilekile? Mtumbwi unatokea, mnarusha, wa kwanza anatangulia. Wamebadilisha mkono wakaweka kidole. Na kidole kimoja tu! Yeye ambaye mkono mzima ulikuwa hauchoki.

Ikafika asubuhi moja ya giza la mwezi, wakati dagaa wanapatikana kwa wingi. Akumu alikuwa amekaa juu ya mwamba nyuma ya nyumba, mahali mtandao ulipo mzuri, simu mapajani, jicho halipepesi. Picha ya Chenge ikaingia. Dole lake likafika kabla picha haijafunguka sawasawa. Ikaja ya pili. Dole. Ya tatu, dole. Ya nne ilikuwa na ukungu, huoni kama ni dagaa au mchanga. Dole vilevile. Bwana wa lori alichelewa mara zote nne. Wa Mirongo wa kweli waliandika alama za kushangaa.

Bei zilizoandikwa chini ya picha Akumu hakuzisoma. Kwa mtu aliyekulia kwenye kupatana, bei ya kwanza ni salamu tu, na hakuna anayeketi kuisoma salamu.

Akateremka mwaloni na ndoo zake mbili, shingo imesimama. Ametangulia mitumbwi yote minne. Sasa ni kupatana nao mmoja mmoja, kumchukua aliyelegea, na wengine kuwaambia asante. Alipanga hata maneno.

Alipofika, Venant alikuwa amesimama juu ya jiwe akiita kwa nguvu zote:

"Mteja wa Mirongo! Nani ametumwa na Mteja wa Mirongo? Mizigo minne! Mteja wa Mirongo!"

"Punguza sauti," Akumu alimwambia kwa meno yaliyofungwa. "Nipo hapa."

Lakini Venant alikuwa ameshaita vya kutosha. Kwenye mtumbwi uliopinduliwa, Ng'washi aligeuka polepole kama kiboko anayesikia boti.

Mchangani kulikuwa na marundo manne. Siyo marundo ya kusema, ni marundo ya kupanda. Dagaa waling'aa, wavuvi wameketi pembeni wamelowa, wanangoja.

"Mzigo wako, mama," Chenge alisema.

"Wangu? Chenge, tuongee kwanza."

"Tuongee nini? Umeweka dole."

"Dole nimeweka, ndiyo. Nimetangulia. Sasa tupatane."

Chenge akamtazama Venant. Venant akashuka kwenye jiwe.

"Mama," alisema, na sauti yake haikuwa ya kejeli, ndiyo maana ilimuumiza Akumu zaidi. "Dole siyo kutangulia. Dole ni kununua. Ukishaweka, mzigo umeuzwa. Imeandikwa pale juu ya kundi."

"Pale juu wapi?"

"Pale ambapo hakuna anayesoma," Chenge alimsaidia.

Akumu alitazama marundo. Uwezo wake ulikuwa rundo moja, tena kwa kujibana. Vichanja vyake vingebeba rundo moja na kidogo.

"Basi mpeni bwana wa lori hayo matatu."

"Bwana wa lori aliona yamechukuliwa, amegeuzia Igombe kutafuta mengine. Nimempigia, hapokei." Venant alijikuna kisogo. "Na kuna utaratibu, mama. Manahodha walikubaliana. Anayeweka dole na asichukue, anafutwa kwenye kundi, na huku mchangani pia haruhusiwi kuuziwa. Na mitumbwi yote."

Wavuvi hawakumtazama usoni. Hiyo ndiyo ilikuwa hukumu. Matusi wangemtukana, yangepita. Akumu aliujua mwalo huu kuliko alivyolijua jiko lake, na sasa dole lake mwenyewe lingemfukuza humo kwa asubuhi moja. Alilitazama lile dole. Dole lenyewe fupi.

Upande wa Ukerewe wingu jeusi lilikuwa limeshaanza kujikusanya. Dagaa wabichi wakikosa jua kwa siku moja wanakuwa mbolea.

Kulikuwa na mahali pamoja tu penye vichanja vitupu vya kutosha na mikono ya kutosha, na mahali hapo ndipo Ng'washi alipokuwa ameketi, amekunja miguu, anasubiri. Kutoka kwenye marundo mpaka kwenye mtumbwi uliopinduliwa si mbali. Akumu alipatembea kama anakwenda Shirati, huko kwao Rorya, kwa miguu.

"Karibu, Mteja wa Mirongo," Ng'washi alisema. "Mjini hawajambo?"

"Ng'washi, utanicheka baadaye. Dagaa hawasubiri."

"Nitakucheka sasa na baadaye. Mimi kicheko changu hakina ratiba."

"Shikamoo, Bibi," Akumu alimgeukia Bibi Paskazia.

"Marahaba. Sema kwa sauti, sikio hili limelala."

"Niliingia kwenye simu, Bibi."

"Eeh?"

"Nasema niliingia kwenye kundi la Venant! Tulikubaliana tusiingie, mimi nikaingia!"

Mwalo mzima ulisikia. Bibi Paskazia alitikisa kichwa, ameridhika. Sikio lilikuwa halijalala hata kidogo.

"Ukafanya nini humo?"

"Nikarusha."

"Kwenye mtumbwi wa nani?"

"Yote."

Halafu tumbo la Bibi Paskazia likaanza kutikisika, likafuata bega, likafuata jino moja la mbele alilobakiwa nalo. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Yote!" alisema. "Jamani, yote! Angerusha vingine vipi, mtoto wa watu? Ningekuwa mimi ningerushia na ile meli ya abiria!"

Hapo wakacheka wote, maana kila mmoja alijiona. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye angeweka dole moja. Ng'washi alijaribu kununa lakini mdomo ukamsaliti.

"Sikia, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma huku akijifuta machozi. "Mimi sikusaidii. Msaada wapewe wagonjwa. Umetuacha juani ukaenda kujificha Mirongo, hilo nitakudai mpaka uzeeni."

"Sawa."

"Sikusaidii, ila ninanunua. Vichanja vyangu vina kuku, na kuku hawalipi pango. Nitachukua nusu rundo. Bibi naye atachukua, na hawa wengine. Ila hiyo bei ya kwenye simu mimi siijui na sitaki kujuana nayo. Mdomo unao. Nenda mbele, upatane kwa niaba yetu sote, tusikie."

Wakanyanyuka pamoja. Manahodha walipoona akina mama wote wanakuja na ndoo, walisogeleana kidogo.

"Chenge," Akumu alianza, "bei."

"Bei imeandikwa, mama."

"Nimesikia imeandikwa. Nakuuliza wewe, siyo maandishi. Bwana wa lori akiweka dole, akifika hapa analipa ile iliyoandikwa?"

Chenge aliangalia maji. Mvuvi mmoja nyuma yake akaguna. "Analipa wapi," alisema. "Anafika, anambinya dagaa mmoja, anasema hawa wamelegea, anakata. Sisi tumelowa, jua linawaka, tutamfanya nini?"

"Kwa hiyo anapatana," Akumu alisema. "Ila anapatana mkiwa mmeshashusha, mnaogopa kuoza. Mimi napatana mbele ya macho yenu. Tunachukua yote manne, sasa hivi, hakuna kubinya. Teremka kidogo, na kwa kila ndoo kumi utoe ya nyongeza."

"Nyongeza! Mama Odongo, nyongeza ilikufa!"

"Ilizikwa lini? Sikualikwa."

"Jamani, utaratibu," Venant alisema.

"Utaratibu ndio huu unaousikia," Chenge alimjibu, na usoni mwake palikuwa na kitu kama furaha. Miezi yote hii alikuwa akiuza kwa picha, na hakuna aliyemwambia kwamba anaiba, kwamba mama yake alikuwa mtu wa huruma kuliko yeye, kwamba ndoo yake ina tumbo la ndani. Walipatana kwa kelele na viapo. Chenge akateremka kidogo, akina mama wakapanda kidogo, nyongeza ikafufuka, ikawa ndogo kuliko ya zamani lakini inapumua. Wale manahodha wengine watatu wakafuata bei ya Chenge, wakinung'unika ili kulinda heshima.

Kilichofuata ni mbio. Ndoo zilipanda mwalo kichwani, kuku wakafukuzwa kwenye vichanja, dagaa wakatandazwa kwa mikono miwili miwili. Owuor alikuja na mbao zake za mitumbwi na maturubai mawili, akaongeza meza. Ng'washi alimwona akamwita, "Shemeji, hukujua kwamba umeoa Mirongo?" Owuor akasema alijua amempa simu mke wake, kumbe alimpa kombeo.

Jua lilichapa mpaka mchana, kisha lile wingu likafika. Halikuwa la kuogopesha kama lilivyojitangaza, lakini lilimwaga. Maturubai yaliokoa vichanja vya juu. Vile vya chini, pamoja na rundo zima alilojitwika Akumu mwenyewe, vililowa. Jioni bwana wa lori alipita kutoka Igombe, akawachukua wale waliolowa kwa bei ya chakula cha kuku, akitabasamu kama fisi aliyekuta mlango wazi. Akumu alimwacha atabasamu. Wenzake walikuwa na dagaa wakavu, na jina lake lilikuwa bado liko mwaloni.

Venant alibaki baada ya lori kuondoka. Alikuwa akiizungusha simu mkononi.

"Mama, manahodha wananiambia leo wameuza vizuri kuliko wiki yote. Na bila ugomvi wa kubinya." Aliitazama skrini. "Nikiruhusu kila mtu apige kelele humo, kundi litakuwa gulio."

"Kwani linaitwaje? Si soko?"

"Soko la haraka."

"Mwanangu, kati ya dole na jiwe la Kinyozi kuna mwendo wa kutosha watu kuongea. Hiyo simu yako ina macho tu? Haina mdomo?"

"Inao. Unabonyeza, unarekodi sauti."

"Basi."

Venant hakulipenda wazo hilo siku hiyo. Alilipenda baada ya siku kadhaa, manahodha walipomlazimisha kulipenda. Dole likawa haki ya kufungua mdomo wa kwanza. Mkishindwana kabla ya Kinyozi, anaingia wa pili. Wa Mirongo walilalamika kwamba sauti za akina mama zinawaamsha. Baadaye wakagundua kwamba nao wanaweza kupunguziwa, wakanyamaza wakaanza kurekodi za kwao. Yule wa lori alijitoa, akarudi, akajitoa, akarudi.

Akina mama waliingia kwenye kundi kama mtu mmoja, kwa ile simu iliyopasuka, iliyokuwa ikishikwa kwa zamu. Matonge yakaishia kwa watoto, wanayapigia mpira. Bibi Paskazia alisikitika waziwazi: alisema asubuhi za zamani zilikuwa nzuri kutazama, na kwamba dole gumba, hata likienda haraka namna gani, halijawahi kumfanya mtu apige vigelegele. Hakuna aliyembishia.

Lakini vichanja vilijaa. Na simu ikafungua mlango wa pili ambao hakuna aliyeutegemea. Venant alipiga picha dagaa wakavu wakiwa mezani, akazituma kwa ndugu zake, wao wakazituma kwa wao, na mteja wa Singida akauliza kama anaweza kupata gunia. Aliogopa mchanga chini ya gunia, kama kila mtu mwenye akili anavyoogopa. Wakampigia kwa video, Bibi Paskazia akalishika gunia pembe zake za chini, akalimwaga lote mbele ya simu, akasema kwa sauti ya kufika Singida bila mtandao, "Hesabu mchanga, mwanangu! Ukiuona nipigie nije niule!" Gunia likapanda basi Buzuruga kesho yake. Baada ya hapo wateja wa mbali walikuwa wakiomba kumwagiwa na yule bibi, siyo mwingine.

Asubuhi ya zamu ya Ng'washi kushika simu, ziwa lilikuwa limetulia. Aliishika kwa mikono miwili, mbali na mwili, kama anayeshika mtoto wa mtu aliyelowa. Picha ya kwanza ikaingia, ya Chenge. Ng'washi akatafuta dole, akalikosa, akatuma ua la waridi. Mzigo ukaenda kwa mkaangaji wa Buzuruga.

"Umemposa Chenge," Akumu alimwambia.

"Niache. Sikuzaliwa nayo."

"Nipe mimi basi, nitangulie mara moja tu."

"Wewe?" Ng'washi aliificha simu kifuani. "Wewe tukikupa tutanunua ziwa zima. Kaa chini."

Akumu akakaa chini. Mikono ilimwasha, akaikalia. Picha ya pili ikaingia, na safari hii dole la Ng'washi lilikwenda, la kwanza, peke yake juu ya kioo kilichopasuka. Akina mama wakamsogelea. Ng'washi akabonyeza kurekodi, akavuta pumzi ya kutosha kuvuka ziwa.

"Nahodha! Hiyo bei uliyoandika umeiota au umeumwa? Mkeo anajua unaandika vitu kama hivyo? Sema kitu cha watu wazima, nina ndoo zinasubiri hapa, na jiwe ulikaribie taratibu!"

Akaachia. Wakangoja, vichwa vimegusana juu ya simu. Maji yalikuwa yakipiga mchanga kidogokidogo. Ikalia. Sauti ya nahodha ilikuja na mlio wa injini nyuma yake, na wavuvi wanasikika wakicheka.

"Mama, basi, basi. Nishuke mpaka wapi?"

Ng'washi alimtazama Akumu, nyusi juu, anauliza bila kuuliza. Akumu akatoa mikono alipoikalia, akamwonyesha kwa vidole. Ng'washi akasema, nahodha akaguna, akakubali. Wakachukua ndoo zao, wakakunja vitenge mpaka magotini, wakaingia majini kumpokea.